Shamba Hilo ni la Baba

Ni mimi niliyesema. Nimekana kwa miaka mingi. Nilikana mbele ya naibu wa chifu, nikakana mbele ya mwalimu wangu wa Kiswahili. Nilikana nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nikakana tena nikiwa na ishirini na kitu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye viatu vya visigino na maoni kuhusu kila jambo chini ya jua. Sasa nina mvi za kutosha, na sifa yangu ya Kiswahili haina tena wa kuipokonya, kwa hiyo naandika: siku karani wa ardhi aliposimama kwenye kishamba cha jirani yetu na kuuliza ni cha nani, aliyejibu ni mimi, na jibu langu ndilo lililomkosesha jirani shamba.

Msomaji asiyetoka Kisii ashike jambo moja kabla hatujaendelea. Kwa Ekegusii, mama ni baba. Sifanyi mzaha. Mama mzazi tunamwita baba, na kila mwanamke wa rika lake anayestahili heshima naye ni baba. Yule mwenye ndevu anaitwa tata. Mtoto wa kwetu anakwenda shule ya msingi akiwa na baba mwenye matiti, anafundishwa kwamba kwa Kiswahili baba ni yule mwingine, na anategemewa asitingishike. Wengi hawatingishiki. Mimi nilitingishika mara moja tu, tena mbele ya serikali. Ili nisirudie kosa hapa, mzazi wangu wa kiume nitamwita tata, na mwanamke mwenye kishamba nitamwita jirani.

Ukitaka kumweleza jirani, anza na sauti. Nyumba yake ilikuwa chini yetu, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito, si mbali na Keumbu, na asubuhi alisalimia watu wa kilima cha pili akiwa mlangoni kwake. Hakuwa akipiga kelele za bure, alingoja ajibiwe. Mama yangu alimwambia siku moja, "Huyo unayemsalimia hakusikii." Jirani akasema, "Ananisikia. Hana jibu tu." Akasalimia tena, na kilima kile kikajibu.

Alikwenda soko la Birongo na mkungu wa ndizi kichwani bila kuushika hata mara moja. Watoto tulimfuata nyuma tukingoja uanguke. Tulingoja miaka. Nilimwuliza kwa nini haweki hata mkono mmoja kwa usalama. "Mkono wa kushika ndizi ni mkono uliopotea," alisema. "Sasa nitaongea na nini?" Kweli, aliongea kwa mikono. Akikusimulia kisa ilibidi usimame mbali kidogo, hasa kama alikuwa na jembe.

Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakuwasha moto, hakuchota maji, hakufagia. Lakini akitoka kanisani, mkono wake ulipita kwenye ua na kurudi umejaa chinsaga, ile mboga chungu tunayoipenda kuliko nyama. Mama yangu alipomtazama, alisema, "Sichumi. Naipunguzia mzigo." Kila bibi harusi alimpa usia uleule: usile jikoni umesimama, utazoea kuwa mgeni kwako. Yeye mwenyewe sijawahi kumwona ameketi na sahani. Alitangaza kwamba hamwogopi chifu, wala mwanamume, wala radi, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na bata mmoja wa watu wa juu, bata mzee mwenye chongo, na akitokea njiani jirani alikuwa anageuka na kupitia kwetu, akijidai amekuja kuomba chumvi.

Nimesoma jiografia. Nimekaa madarasani Nairobi na kusikiliza watu wenye shahada wakieleza jinsi mahali panavyopewa maana na wanaoishi hapo. Nilinukuu maelezo yao kwa bidii, na ilinichukua aibu ya muda mrefu kukiri kwamba nilikwisha kuyasikia kutoka kwa mwanamke aliyemkimbia bata. Wanaume waliviita vilima kwa majina ya mababu. Jirani alikuwa na majina yake, na wanawake wote wa mteremko ule waliyatumia kama anwani. Nayaandika kwa Kiswahili. Palikuwa na Magoti, kipande cha njia ambacho ukiwa na mzigo wa kuni unakipanda kwa magoti. Palikuwa na Kwaheri Chungu, jiwe linaloteleza karibu na chemchemi, adui wa vyungu vya maji. Palikuwa na Mwache Apite, penye upana wa mtu mmoja, ambapo wawili wenye mitungi wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, na kila mtu alijua nani alimrudisha nani mwaka gani. Na nyuma ya migomba yetu palikuwa na Pangusa, ambapo wake wageni walisimama kumaliza kulia kabla ya kuingia kwa mama mkwe.

Majina hayo yaliongezeka kadiri dunia ilivyotufikia. Kwanza ilikuja pareto, halafu chai, na kila kichaka kilichofyekwa kwa ajili ya chai kilikuwa kuni za mtu. Mwaka mmoja alitua mzigo mbele ya mlango wetu, akashika kiuno na kupumua. "Zamani kuni zilikaa hapa hapa na sisi," alisema. "Sasa zimeolewa mbali." Baadaye niliandika kurasa kumi na nne chuoni kuhusu jambo hilo. Nikizisoma leo naona kurasa kumi na tatu na nusu zilikuwa za kujaza.

Sasa kishamba. Mume wa jirani alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai Kericho na akarudishwa amefunikwa blanketi. Alimwachia jirani mabinti watatu, na hakuna mwana wa kiume. Kwetu, wakati ule, mjane asiye na mwana wa kiume alikuwa kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Watu walimheshimu huku wakitazama saa. Lakini mama mkwe wake alikuwa amempa kishamba cha kando ya kijito kwa mkono wake, mbele ya watu. Kilikuwa chembamba kama mkanda, cheusi, chenye maji mwaka mzima, na kilipakana na shamba letu. Huko jirani alipanda wimbi, viazi vitamu na chinsaga yake. Mabinti walikula kutoka hapo. Hakuwa na kingine.

Miaka ya sitini, baada ya Uhuru, mashamba yakaanza kupimwa na kuandikwa. Karani aliyekuja upande wetu alitoka mbali, na Kiswahili chake kilikuwa laini kama siagi. Wazee wa kamati walikuwa wamekwama kwenye ua wa juu kwa ugomvi wa mti mmoja, tata alikuwa Birongo, na karani, kwa kuchoka kungoja, alishuka peke yake na karatasi zake hadi kijitoni. Hapo alimkuta jirani akipalilia, na mimi nimeketi kwenye jiwe nikila muwa wake. Jirani hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Nilikuwa nimepewa kalamu ya wino kwa ajili hiyo mbele ya shule nzima, na nilikuwa nimeibeba.

"Mtoto," karani alisema, "unajua Kiswahili?"

"Ninakijua vizuri sana, bwana."

Akacheka. "Haya. Shamba hili ni la nani?"

Nilisimama. Nilirekebisha gauni. Nilimwonyesha jirani kwa kidole chenye wino na kusema, kwa sauti ya kukariri, "Shamba hilo ni la baba."

Naomba muone kwamba upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi kabisa.

Kidole changu kilimwelekea jirani, lakini nyuma ya jirani kulikuwa na mteremko, na juu ya mteremko kulikuwa na nyumba yetu. Karani akatazama nyumba. "Jina la babako?" akauliza. Swali hilo nililijua. Ndilo tulilojibu kila muhula daftari la shule likijazwa. Nikataja jina la tata, majina yote matatu, bila kupumua. Na jirani, aliyekuwa amesikia neno moja tu analolijua katika mazungumzo yote, akaweka jembe chini na kuitikia kwa kichwa na mikono yote miwili: "Eee! Baba! Baba!" Karani akaandika. Akampa mkono jirani, akanisifu kwa Kiswahili changu, akaondoka. Sisi wawili tulifurahi mno. Jirani alinikatia muwa mwingine.

Orodha iliposomwa kwa naibu wa chifu, kishamba kilikuwa cha tata. Watu wote wakanigeukia, kwa sababu kila mtu alijua nani alitafsiri. "Ulisema nini?" naibu akauliza. Kando yake alisimama mwalimu wetu wa Kiswahili. Shuleni, aliyeteleza na kusema Ekegusii alivishwa kibao shingoni na kutembea nacho hadi amkamate mwingine. Mimi sikuwa nimewahi kukivaa. Niliona kibao, niliona kalamu ikirudishwa, na nikasema, "Nilisema ni la mama jirani." Mwalimu akaunga mkono. "Mtoto huyu," alisema kwa fahari, "hawezi kukosea neno kama hilo." Basi ikaonekana kwamba karani alikuwa na sababu zake, na karani alikuwa amekwisha kwenda wilaya nyingine.

Jirani alikuwepo. Alinitazama, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake nilimwona akikifunga bila kusema kitu.

Tata hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu dada zangu watasoma. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba serikali haiwezi kukosea na kwamba binti yake hawezi kukosea, na pale mambo hayo mawili yalipopingana alikuwa amekwisha kulala usingizi. Akamwambia jirani aendelee kulima. Alimwambia kwa upole, kama anayetoa zawadi, na kila alipopita alipenda kuuliza kama kishamba kinampendeza. "Karatasi hailimi," jirani alijibu, na kuendelea kupalilia. Miaka ikapita hivyo, tata akimpa mtu kitu chake mwenyewe na kusifiwa kwa ukarimu.

Halafu chai ikashuka hadi kijitoni. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, mimi niko chuoni. Miche ilipewa wale tu walioandikwa kwenye daftari la ardhi, na tata alikuwa ameandikwa. Akaja kwa jirani amevua kofia. Akasema viazi vitamu havina maendeleo. Jirani akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kumtembelea.

Tata akapanda miche ya chai kwenye kishamba, mistari iliyonyooka. Siku iliyofuata, saa sita mchana, mbele ya macho ya vilima vyote viwili, jirani akashuka akiimba wimbo wa kanisani na kupanda malenge katikati ya mistari. Hakung'oa mche hata mmoja. "Mimi namwongezea," aliwaeleza wapita njia. Malenge hayajui mistari. Kufikia mwezi wa pili yalikuwa yamefunika miche, yamevuka kijito, yamepanda mti wa watu. Mama yangu ndiye aliyetakiwa kwenda kuyafyeka, na mama yangu akapata maumivu ya mgongo ya ghafla. Wanawake wote wa mteremko wakapata. Tata akaingia mwenyewe na panga, mimi nikiwa nyumbani kwa likizo, na tulimpoteza kwa muda. Kofia yake tu ndiyo iliyoonekana ikisafiri polepole juu ya majani. Alitoka na malenge mawili chini ya kwapa, na jirani, akiwa ng'ambo, akampigia vigelegele kama bwana harusi.

Likizo ile nilirudi na ramani. Mhadhiri wetu alikuwa ametutuma tuchore matumizi ya ardhi ya kwetu, na nilikuwa nimenakili ramani ya serikali kwa wino wa rangi tatu. Nilimpelekea jirani nikidhani atashangaa. Aliikunjua juu ya jiwe lile lile la muwa. Akaigeuza juu chini, kijito kikae juu.

"Ndiyo hivi," akasema. "Kila kitu kinaanza kwenye maji. Magoti iko wapi?"

"Haimo, baba."

"Chemchemi?"

"Ni ndogo sana kwa ramani hii."

"Njia ya kuni?"

Aliiweka pua karibu na karatasi. "Hapa kuna mistari, na ndani ya kila kipande kuna mwanamume. Wanaume wote mmewapata. Wamekaa kama mayai kwenye kapu. Na mimi niko wapi?"

Kidole changu kikaenda kwenye kishamba cha kijitoni, na chini ya kidole kulikuwa na jina la tata, kwa mwandiko wangu mzuri.

Hapo ndipo aliposema, bila hasira, huku akikunja ramani kwa uangalifu mkubwa: "Siku ile nilisikia neno moja tu, na nilidhani ni langu."

Alikuwa amejua muda wote! Alikuwa amesikia kwa masikio yake, akanyamaza mbele ya naibu wa chifu ili mtoto wa watu asivishwe kibao. Sasa ningekuwa mtu wa maana ningepiga magoti. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Nikasema, "Nilisema mama." Jirani akacheka mpaka akashika mti. "Sawa," akasema, akifuta macho. "Nenda ukasome. Bado hujamaliza."

Simu ilikuja muhula uliofuata, asubuhi, siku ya kazi. Ilikuwa kwenye ukumbi wa bweni, na aliyeipokea alikuja mlangoni kwangu ameziba sikio. "Kuna mtu anapiga kelele kwenye simu," alisema. "Nafikiri ni wako."

"Baba?" nikasema.

"NIKO KISII!" Aliongea kama anayesalimia kilima cha pili. "Wewe uko wapi?"

"Nairobi, baba. Umenipigia mwenyewe."

"Najua. Nilitaka kusikia kama na wewe unajua. Niko ofisi ya ardhi. Tata yako yuko hapa kwenye benchi, malenge yamemshinda. Sema na huyu wa serikali."

Sauti ya afisa ilikuwa ya mtu mwenye foleni mlangoni. "Dada, mzee wako anasema kipande hiki kiliandikwa kwake kwa maneno yako. Ukisema ulikosea, anatia sahihi sasa hivi kirudi kwa mama huyu. Ukisema hukukosea, nafunga faili. Siku ile ulisema nini?"

Nyuma yangu kulikuwa na wasichana sita wakingoja simu, mmoja ameshika mswaki. Mmoja alitoka Mombasa, na ndiye aliyekuwa akiniomba kila wiki nimsahihishie insha. Yaani Mombasa ilikuwa inasahihishiwa na Kisii! Huko Kisii tata alikuwa kwenye benchi, ameweka kalamu tayari, akingoja kuambiwa kwamba binti yake hakukosea.

"Nilisema," nikasema, "shamba hilo ni la baba."

"Yaani huyu mzee."

"Hapana. Yaani huyo mama."

"Baba ni mama?"

"Kwetu baba ni mama. Nilichanganya. Nilikuwa namwonyesha yeye. Ni lake, afisa. Limekuwa lake tangu zamani."

Nyuma yangu mwenye mswaki alikuwa ameketi sakafuni kwa kucheka, na yule wa Mombasa alirudia, "Baba ni mama!" kama anayeonja tunda. Kupitia simu nilisikia tata akikohoa, kisha kiti kikiburuzwa, kisha kimya cha mtu anayeandika jina lake polepole. Afisa akauliza, si mimi, mtu wa chumbani kwake: "Haya mama, jina lako?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakamsaidia, kama kawaida yetu. Mmoja akasema mwandike mama wa fulani, jina la bintiye mkubwa. Tata akasema mwandike mjane wa fulani.

"Huyo marehemu hakulima hapo hata siku moja," jirani akasema. Kisha, kwa Kiswahili chake cha sokoni, sauti ikijaza ofisi na waya na ukumbi wetu wote: "Andika jina yangu!"

Akalitaja, lote, silabi kwa silabi, na afisa akamwomba alirudie. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, nimekula muwa wake, nimechora mlango wake kwa wino wa rangi tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

Akarudi kwenye simu. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Usilitie kwenye vitabu vyako. Hilo ni la shamba."

Na simu ikakatika.